Kanga Nyuma ya Shingo ya Jovin

Ijumaa iliyopita nilirudisha ufunguo wa stoo ya viti pale kituoni kwetu Flemingdon Park, Toronto, nikasaini karatasi, nikaambiwa kwamba kuanzia sasa mimi ni mstaafu. Nina miaka thelathini na sita. Nilimuuliza ofisa utumishi kama lipo neno jingine la mtu wa umri wangu anayeacha kazi kwa sababu magoti yamegoma, akasema ataulizia. Hajarudi na jibu, kwa hiyo nalitumia hilohilo.

Nyinyi mnaobaki mmeniomba niandike chochote kitakachowafaa. Nitaandika juu ya viti vya watoto, safari ndefu, na asubuhi moja kwenye barabara kuu ya 401 ambayo imenikaa kifuani tangu mwaka wangu wa tatu kazini. Kazi yetu inaelezeka kwa pumzi moja: mzazi analeta gari na kiti, tunamfundisha kukifunga kwa mikono yake mwenyewe, kumfunga mtoto ndani yake, na kusafiri naye salama. Kuielewa kumenichukua miaka kumi na miwili, na sina hakika kama nimemaliza.

Nilianza katikati ya miaka ya elfu mbili. Nilikuwa na shahada ya fizikia kutoka nyumbani, nikaja Toronto kwa masomo zaidi, kisha nikayaacha katikati baada ya kubishana na msimamizi wangu kuhusu jambo ambalo leo naona yeye ndiye alikuwa sahihi. Tangazo la kituo lilitaka mtu anayejua Kiswahili na asiyeona tabu kuinama. Nilidhani ni kazi ya kiangazi kimoja.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Bi Gulbanu. Alikuwa Muismaili mzaliwa wa Mwanza, nesi mstaafu, aliyeendesha gari kila asubuhi kutoka Mississauga akiwa na chupa ya chai ya tangawizi kwenye kiti cha pembeni, nayo ameifunga mkanda. Kiswahili chake kilikuwa kile alichoondoka nacho Mwanza akiwa msichana. Hakikuzeeka hata kidogo. Kilikuwa kama nguo iliyotunzwa sandukuni.

"Wewe ndiye mwanafizikia?"

"Ndiyo, Bi Gulbanu. Shikamoo."

"Marahaba. Hiyo fizikia yako inajua kufunga kiti?"

"Nitasoma maelekezo."

"Haya, soma. Mimi nakunywa chai."

Nilitumia dakika hamsini ndani ya gari lake. Nilipotoka, jasho linanitiririka na nywele zimeingia mdomoni, alikishika kiti kwa mkono mmoja na kukitikisa. Kiti kikacheza kama jino la mtoto wa miaka sita. Alivua viatu, akapanda, akaweka goti lake ndani ya kiti, akakilalia kwa uzito wake wote huku akivuta mkanda, akashuka. Sekunde ishirini. "Tikisa pale mkanda unapopita," alisema. "Kikisogea zaidi ya upana wa kidole gumba, anza upya." Magoti yangu yalianza kustaafu siku ile.

Nilikuwa na ugonjwa wa kuuliza. Kwa nini mtoto atazame nyuma? Kwa nini asipakatwe na mama yake, mtu ambaye yuko tayari kufa kwa ajili yake? Hesabu za mwendo nilizijua. Niliwahi hata kuwafundisha wengine. Bi Gulbanu hakujali hesabu. Alinipakatisha mfuko wa mchele wa kilo tano, akaniambia niukumbatie kama mwanangu, akaliondoa gari taratibu kwenye maegesho matupu, mwendo wa mtu anayekimbilia basi. Kisha akakanyaga breki.

Mchele ulitapakaa kwenye kioo, kwenye redio, mpaka kwenye viatu vyangu. Mikono yangu ilikuwa imebaki imekumbatia hewa. Nilijua nguvu ile inavyoandikwa ubaoni, lakini sikuwa nimewahi kuiona ikinipora kitu kifuani. Nilikaa pale mdomo wazi, na nakiri kwamba kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi hii sikuwa na swali.

"Utafagia," Bi Gulbanu alisema. "Halafu utaniambia kuhusu upendo wa mama."

Yaliyobaki nilijifunza kwa mikono. Mkanda wa bega uwe usawa wa bega la mtoto au chini yake kidogo akiwa ametazama nyuma. Kibano cha kifuani kiwe usawa wa kwapa, wala si tumboni. Ukiweza kuufinya mkanda ukapata mkunjo, umelegea. Jaketi nene na ovaroli la baridi havikai chini ya mikanda: unamfunga mtoto na nguo zake za kawaida, kisha blanketi linakuja juu, maana siku ya ajali jaketi hubonyea na mtoto hubaki na nafasi ya kuchomoka. Kusawazisha mwinamo wa kiti kwenye magari yenye viti vilivyoinama, tulitumia lile bomba la sponji ambalo watoto huelea nalo kwenye bwawa, tukilikata vipande na kulisukumia chini ya kiti pale maelekezo yanaporuhusu. Kifaa bora nilichowahi kutumia kilikuwa cha rangi ya waridi na kina picha ya bata.

Sheria moja tu ndiyo iliyonikaa kooni. Kwenye safari ndefu, Bi Gulbanu aliwaambia wazazi, simameni kila baada ya saa mbili, na mtoto mchanga hata kabla ya hapo. Mtoeni kitini, mlazeni chali au mbebeni, anyooke. Alichukua mrija wa soda, akaupuliza, kisha akaukunja kidogo na kuupuliza tena. "Koo la mtoto ni hili. Kichwa chake ni kizito, shingo yake ni uzi. Akikaa sana kidevu huanguka kifuani, na halii, kwa sababu kulia kunataka hewa."

"Kwa nini saa mbili?" niliuliza. "Kwa nini si mbili na nusu? Nani alipima?"

"Binti, hizo saa mbili ni kwa ajili ya wazazi. Ukimwambia mzazi 'simama mara kwa mara', hatasimama kabisa."

Niliona amekwepa swali. Niliendelea kuitangaza sheria ile kwa wazazi, lakini kama mtu anayesoma tangazo la mwenzake.

Na nilikuwa na vita na bibi. Mnawajua. Wanashuka kwenye ndege kutoka Dar, Mombasa au Bujumbura, wanafika mtaa wa Thorncliffe kwenye ghorofa ya kumi na nne, wanamkuta mjukuu kafungwa kwenye plastiki kama mzigo wa posta, na wanasema: "Mimi nimelea saba bila hicho kiti chenu."

"Gari mlikuwa nalo, bibi?"

"Hatukuwa nalo."

Nilidhani hapo nimeshinda.

Sasa nakuja kwenye asubuhi yenyewe. Deo na Salome walikuwa Wahaya wenzangu, wakiishi jengo la pili kutoka kituoni. Mtoto wao Jovin alikuwa na wiki tano, na alizaliwa wiki tatu kabla ya siku zake. Mama yake Deo, Mama Paskazia, alikuwa amekuja kutoka Bukoba kwa mambo mawili: kumuogesha mjukuu na kumuoza binti yake, dada wa Deo, kule Montreal siku ya Jumamosi. Watu wa nyumbani Toronto walikuwa wameunda kamati ya harusi, na kamati ikaamua wageni wote waondoke Ijumaa asubuhi kwa msafara wa magari matano yenye utepe mweupe. Mwenyekiti wa kamati alitoa maagizo mawili: mafuta yajazwe usiku uliotangulia, na msafara haukatiki. Kituo kingekuwa kimoja tu, Kingston.

Nilialikwa, nikapangiwa gari la tatu. Deo alikuwa usukani, mimi pembeni yake, Mama Paskazia na Salome nyuma, na Jovin katikati yao. Kiti nilikifunga mwenyewe. Nilimfunga Jovin mwenyewe pia, nikafinya mkanda, nikapima kibano. Kichwa kilikaa vizuri. Nilijivuna kama fundi aliyemaliza kinu.

Mjini Oshawa tulikwama kwenye foleni. Jovin akaanza kunung'unika na kichwa chake kikawa kinayumba. Niligeuka, nikamwona Mama Paskazia akiikunja kanga yake mara nne na kuipenyeza nyuma ya shingo ya mtoto, taratibu, kama mtu anayeweka yai kwenye kiota. Mtoto akatulia. Niliona. Hilo nataka mlisome mara mbili: niliona. Nilikuwa katikati ya kumbishia Deo kuhusu njia ya mkato, na niliiambia nafsi yangu kwamba kanga si jaketi.

Foleni ilipofunguka Mwenyekiti alianza kufidia muda. Tulipopita Belleville, Salome aliniinamia kutoka nyuma.

"Dada Koku, saa mbili si zimepita? Tumtoe?"

Deo akanitazama. Simu ilikuwa kwenye spika, Mwenyekiti akihesabu magari yake: "Namba tatu, mpo?" Nilijiinua nikamchungulia Jovin juu ya mgongo wa kiti chake. Alikuwa amelala kimya, mzuri kama picha. Nikaikumbuka sheria ambayo hakuna aliyeweza kuniambia ilipimwa na nani.

"Amelala vizuri," nilisema. "Kingston si mbali. Tusikate msafara wa watu."

Salome aliniamini. Mimi ndiye mtaalamu.

Haikupita robo saa. Mama Paskazia, ambaye tangu Oshawa alikuwa amefumba macho nami nikidhani amesinzia, alisema bila kupaza sauti:

"Deo, simamisha gari."

"Mama, hapa ni barabara kuu. Mwenyekiti amesema—"

"Mwenyekiti hakumzaa. Simamisha. Mtoto anapumua vibaya."

"Amelala tu, mama," nilisema mimi.

"Binti, nyamaza usikilize."

Nilinyamaza. Nilisikia injini, matairi, upepo. Yeye alikuwa anasikia kitu kingine chini ya hivyo vyote, na nilipojiinua kuchungulia safari hii niliona kidevu kimezama kifuani, na midomo ya Jovin ina rangi ya zambarau.

Deo alivuta gari mpaka ukingoni kabisa, akawasha taa za tahadhari. Niliingia nyuma kwa mlango wa upande wa majani, malori yakilitikisa gari kila yalipopita. Vidole vyangu, ambavyo vilikuwa vimefungua vifungo vile mara elfu, vilikosea mara mbili. Kanga ikaanguka. Nikamtoa, nikamlaza chali juu ya mapaja ya bibi yake, kichwa kimenyooka. Salome alikuwa anaita jina la mtoto kwa sauti ndogo, kama anamwamsha aende shule. Deo alikuwa kwenye simu akiwapa watu wa dharura jina la mahali huku akilikosea.

Mama Paskazia aliinama akapuliza usoni mwa mtoto, mpulizo mwepesi kama wa kuondoa vumbi, na akamkuna nyayo.

Sijui ilikuwa sekunde ngapi. Mimi, mtu wa kupima, sikupima. Kisha kifua kile, kipana kama kiganja changu, kikapanda. Kikashuka. Kikapanda tena, na rangi ikaanza kurudi midomoni kutoka katikati kwenda pembeni. Halafu Jovin akalia, kwa hasira, kama mtu aliyekatizwa jambo la maana. Nimesoma kuhusu nyota zinavyozaliwa. Sijawahi kuona kitu kikubwa kuliko kifua kile kikipanda ukingoni mwa 401.

Gari la wagonjwa lilitupeleka hospitali. Walimweka Jovin kwenye mashine, wakamsikiliza, wakampima. Daktari alisema mtoto mdogo namna ile, aliyezaliwa kabla ya wakati, akikaa muda mrefu huku kitu kinamsukumia kichwa mbele, njia ya hewa hukunjika. Alitafuta mfano. "Kama mrija," nilimsaidia. Akasema ndiyo, hasa, kama mrija.

Mama Paskazia alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, kanga mapajani. Nilikwenda nikakaa pembeni yake. Aliuliza bila kunitazama:

"Ni kanga yangu, eeh?"

Ningeweza kudanganya. Ni mama wa watu, mgeni, siku moja kabla ya harusi ya binti yake. Lakini nilikuwa nimeshasema uongo mmoja siku ile, ule wa kujifanya najua.

"Ni kanga, mama. Na ni mimi. Niliiona ukiiweka nikanyamaza. Salome aliponiuliza kama tusimame, nikasema tuendelee."

Aliikunjua kanga mapajani, akaikunja tena.

"Mgongoni," alisema, "unamfunga mtoto na kanga unaipandisha mpaka shingoni, maana bila hivyo kichwa kinaanguka nyuma. Nimefanya hivyo kwa watoto saba. Nilidhani kiti ni mgongo."

"Kiti hakina masikio, mama. Wewe ulisikiaje?"

Sasa alinitazama kama ninavyomtazama mzazi anayeuliza swali la kijinga.

"Watoto saba, binti. Unalima, yuko mgongoni. Unapika, yuko mgongoni. Humwoni. Unamjua kwa pumzi. Leo nilifumba macho ili nimsikie, yule yuko mbali nami kwa kiti kizima."

Kumbe njia nzima, wakati mimi nikibishana kuhusu njia ya mkato, yeye alikuwa kazini.

Tukiwa hapo benchi, milango ya hospitali ikafunguka, akaingia Mwenyekiti na suti yake ya kijivu, nyuma yake kamati nzima, akina mama wenye vitenge vya sare, mpiga kinanda, na mtu aliyebeba keki kwa mikono miwili kwa sababu hakuthubutu kuiacha garini. Magari yote manne yalikuwa yamegeuza. Deo alisimama akaanza kuomba radhi kwa kukata msafara.

"Nani kakata?" Mwenyekiti aliuliza. "Nilisema msafara haukatiki. Ndiyo maana tumerudi."

Kisha akamgeukia nesi aliyekuwa anajaribu kuwahesabu, akamwambia kwa Kiingereza cha heshima kabisa kwamba wote hawa ni ndugu wa mgonjwa.

Jovin alibaki chini ya uangalizi mpaka Jumamosi asubuhi, wazazi wake wakiwa naye. Daktari aliporidhika tulikwenda Montreal, tukisimama kila tulipoona mahali pa kusimama. Mara ya tatu Deo alisema wakati huu tutachelewa kanisani. Mama yake akamjibu kwamba bibi harusi ni mtoto wake pia, na huyo anajua kupumua mwenyewe. Tuliwakuta maharusi bado wanatusubiri nje ya kanisa.

Jumatatu nilimsimulia Bi Gulbanu kila kitu. Nilitegemea anifukuze. Alimimina chai kwenye vikombe viwili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Ulikuwa unauliza nani alipima," alisema. "Miaka ya unesi, nilimpokea mtoto mmoja ambaye wazazi wake hawakusimama njiani. Huyo hakulia tena. Sikukwambia kwa sababu sipendi kumsema." Akanywa chai. "Endelea kuuliza. Lakini uliza gari likiwa limesimama."

Mambo mawili nilibadilisha baada ya hapo, na ndiyo urithi wangu kwenu. La kwanza, bibi sikupigana nao tena. Mama Paskazia alikaa Toronto miezi mitatu zaidi, na kila Jumatano alikuja kituoni na kanga ileile. Aliikunja mara nne, akaipenyeza nyuma ya shingo ya mwanasesere wetu wa mafunzo, akawaonyesha bibi wenzake kidevu kinavyoanguka. "Hivi ndivyo nilivyokaribia kumuua mjukuu wangu," alikuwa akisema, kwa sauti ya mtu anayeeleza mapishi. Hakuna bibi aliyembishia. Baada yake niliwauliza bibi kwanza, kabla ya wazazi: mtoto huyu analalaje? Anapumuaje? Anapotaka kucheua anafanyaje? Mara nyingi walijua mambo ambayo mama alikuwa hajayaona. Nami niliwapa yangu: mmoja wenu akae nyuma, ndani ya kiti hakiingii kitu ambacho hakikuja nacho, iwe mto au kanga, chupa ya maziwa isubiri gari lisimame, na mkifika mtoeni mtoto mkamlaze kitandani hata kama amelala fofofo. Mtoto aliyelala haamshwi, wanasema. Kitini anaamshwa.

La pili ni ile dakika. Mmeicheka, najua; mmoja wenu aliiita ibada ya Koku. Nikishamaliza kufunga kila kitu, naomba injini izimwe, redio izimwe, milango ifungwe, na mzazi akae nyuma na mtoto wake kwa dakika moja bila kusema neno, akisikiliza. Ajue pumzi ya kawaida inavyosikika, ili siku isipokuwa ya kawaida aitambue. Hakuna kitabu cha maelekezo kinachotaka hivyo. Mkiniuliza nani alipima kwamba iwe dakika moja na si mbili, jibu ninalo: dakika moja ni kipimo cha wazazi.

Ijumaa iliyopita, kabla ya kurudisha ufunguo, alikuja baba mmoja wa Kikongo na binti wa siku kumi na mbili. Walikuwa wanaelekea Ottawa kwa shangazi. Nilipiga goti ndani ya kiti kwa mara ya mwisho, goti likanitukana, kiti kikakaa. Alimfunga mtoto mwenyewe, nikarekebisha kibano kidogo. Nikamwomba azime injini. Alikaa nyuma, mimi mbele, milango imefungwa. Nje basi la Don Mills lilipita, kisha likapita lingine. Nilifumba macho kama nilivyofundishwa.

Mwanzoni sikusikia kitu. Kisha nikamsikia: pumzi ndogo, haraka haraka, kidogo ikisita, ikaendelea. Baba wa watu aliinamisha kichwa karibu na mwanawe, akaniambia kwa mnong'ono, "Mama, namsikia."

Dakika ilikwisha. Sikumwambia. Tulikaa tukimsikiliza.